Bonde la Kongo Lililofika Bahari ya Hindi

Kwa zaidi ya miaka 70, bandari za Mombasa na Dar es Salaam zilihesabiwa katika sheria ya mataifa kuwa ndani ya eneo la Bonde la Kongo, ingawa mto wenyewe humwaga maji yake katika bahari ya Atlantiki, upande wa pili wa bara. Hesabu hiyo haikutokana na ujinga wa jiografia. Ilitokana na mapatano ya kidiplomasia yaliyofikiwa Berlin mwaka 1885, ambayo yalichukua jina la bonde la mto mmoja na kulitandaza hadi pwani ya mashariki kwa ajili ya ushuru wa forodha, yaani kodi inayotozwa bidhaa zinapoingia nchini. Kwa sababu ya mapatano hayo na yale yaliyoyafuata, Uingereza, iliyotawala Kenya, Uganda, Unguja na baadaye Tanganyika, haikuweza kuzipa bidhaa zake yenyewe upendeleo wa kibiashara katika nchi hizo, na upendeleo wa kibiashara maana yake ni kutoza bidhaa za taifa moja ushuru mdogo kuliko ule unaotozwa bidhaa za aina hiyohiyo kutoka mataifa mengine. Bei ya kaniki katika duka la Tabora au Kisumu iliamuliwa kwa sehemu kubwa na maneno yaliyobishaniwa Berlin, Paris, Ottawa na Geneva, na wavaaji wa kaniki hiyo hawakuwa na kiti katika hata mojawapo ya mabishano hayo.

Haifai kudhani kwamba mambo ya mikataba ya ushuru yaliletwa pwani na ukoloni. Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Unguja, alitia saini mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, akafuatisha mwingine na Uingereza mwaka 1839 na mwingine na Ufaransa mwaka 1844, na katika mkataba ule wa kwanza alikubali kwamba shehena za Wamarekani zitozwe asilimia 5 tu zinapoteremshwa. Mikataba ya namna hiyo ilibeba kipengele cha taifa linalopendelewa zaidi, ambacho humwahidi mgeni mmoja kwamba nafuu yoyote atakayopewa mgeni mwingine ataipata naye pia. Hivyo wafanyabiashara wa Salem, mji wa Massachusetts, walileta merikani zao Unguja kwa masharti yaleyale waliyopewa wenzao wa London na Marseille, na ushuru ulikusanywa na wakodishwaji wa forodha, ambao maarufu zaidi kati yao walikuwa watu wa nyumba ya Jairam Shivji. Masharti hayo yalimfunga Sultani, kwa kuwa hakuweza kupandisha ushuru kila alipohitaji fedha, lakini mhuri uliowekwa juu yake ulikuwa wake. Tofauti hiyo ni ya maana sana katika yote yaliyofuata.

Mkutano wa Berlin ulifunguliwa tarehe 15 Novemba 1884 baada ya Uingereza na Ureno kutiliana saini, mwezi Februari wa mwaka huohuo, mkataba ambao ungeikabidhi Ureno mlango wa mto Kongo, na ambao ulipingwa vikali kiasi kwamba haukuidhinishwa kamwe. Kilichoogopwa na wafanyabiashara wa Manchester, Hamburg na Rotterdam kilikuwa ni kuona Ureno au Ufaransa ikijenga ukuta wa ushuru katika mlango huo na kujihodhia biashara ya bara zima la kati. Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji aliitumia hofu hiyo kwa ustadi mkubwa, akiahidi kwamba milki aliyokuwa akiijenga Kongo ingeachwa wazi kwa wote, na ahadi hiyo ndiyo iliyomnunulia utambuzi wa mataifa. Nchi 14 zilihudhuria. Balozi wa Uingereza, Sir Edward Malet, alikumbusha katika kikao cha ufunguzi kwamba wenyeji wa nchi zilizokuwa zikijadiliwa hawakuwakilishwa ukumbini ilhali maamuzi yangewagusa wao hasa. Aliyasema hayo, yakaandikwa katika kumbukumbu za kikao, na kazi ikaendelea kama ilivyokusudiwa. Sayyid Barghash bin Said wa Unguja, mtawala wa Afrika Mashariki aliyekuwa na mikataba rasmi na mataifa kadhaa yaliyokaa mezani, hakualikwa.

Upana wa eneo la Bonde la Kongo ulikuwa zao la ubishi wa mkutano huo. Mjumbe wa Marekani, John Kasson, aliyekuwa akishauriwa na Henry Morton Stanley, alishikilia kwamba bonde la kibiashara la Kongo ni pana kuliko bonde la maji, kwa kuwa misafara ya pembe na nguo ilitoka pwani zote mbili, na kwamba uhuru wa biashara usiofika Bahari ya Hindi ungekuwa nusu ya uhuru. Hoja hiyo ilishinda. Kifungu cha kwanza cha Mkataba wa Jumla wa Berlin, uliotiwa saini tarehe 26 Februari 1885, kilichora upande wa mashariki eneo lililoanzia latitudo ya digrii 5 kaskazini na kuishia katika mlango wa Zambezi kusini, likazimeza nchi ambazo leo ni Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi, pamoja na Malawi, kaskazini ya Msumbiji na sehemu ya Zambia. Athari ya mstari huo ilidumu hata katika mambo madogo ya utawala: Rhodesia ya Kaskazini ililazimika kuwa na kanda mbili za forodha, moja ya Bonde la Kongo na nyingine ya Zambezi, kila moja na kanuni zake.

Ndani ya eneo hilo bidhaa zingeingia bila ushuru wa uagizaji, meli za mataifa yote zingetendewa sawa, na hakuna serikali iliyoruhusiwa kutoa ukiritimba au upendeleo wowote katika biashara. Kwa upande wa mashariki mkataba uliweka sharti kwamba masharti hayo yangetumika pale tu ambapo mtawala huru wa nchi husika ameridhia, na mwaka 1886, wakati Uingereza na Ujerumani zilipokuwa zikikubaliana kuhusu mipaka ya milki yake ya bara, Barghash alishawishiwa kuupokea Mkataba wa Berlin huku akihifadhi haki zake za forodha. Ridhaa ya aina hiyo, iliyotolewa na mtu aliyekuwa akinyang'anywa bara yake katika mwaka huohuo, haistahili kuitwa mapatano katika maana kamili ya neno.

Biashara isiyo na ushuru kabisa haikudumu. Mkutano wa Brussels wa 1889 na 1890, ulioitishwa kwa jina la kukomesha biashara ya watumwa, uliruhusu ushuru wa uagizaji usiozidi asilimia 10 ya thamani ya bidhaa, kwa hoja kwamba vita dhidi ya wafanyabiashara wa watumwa vilihitaji fedha. Sharti la usawa kati ya mataifa lilibaki. Hata hivyo, yaliyotokea katika Dola Huru ya Kongo, milki ya Leopold, yalionyesha mapema udhaifu wa usawa unaopimwa forodhani peke yake, kwa kuwa Leopold hakuhitaji kubadilisha ushuru ili kuwafungia wengine nje. Alitangaza kwamba ardhi isiyokaliwa ni mali ya serikali, mpira na pembe za humo vikawa vyake na vya makampuni aliyoyapa vibali, na mfanyabiashara wa kigeni aliyeingia na nguo zake bila kubaguliwa hakuwa na kitu halali cha kununua. Wenyeji waliokatwa mikono kwa ajili ya mpira huo walikuwa wakiishi, kwa mujibu wa karatasi za Berlin, katika eneo la biashara huru kuliko yote duniani.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipokwisha, washindi waliufuta Mkataba wa Berlin baina yao na kuweka mahali pake Mkataba wa Saint-Germain-en-Laye wa tarehe 10 Septemba 1919. Waliotia saini walikuwa Marekani, Ubelgiji, Uingereza, Ufaransa, Italia, Ureno na Japani. Kikomo cha ushuru kiliondolewa, hivyo serikali za makoloni zikawa huru kutoza kiasi chochote, ila zilikatazwa kutofautisha kati ya bidhaa za nchi zilizotia saini au kujiunga. Tanganyika ilipata kifungo cha pili juu ya hicho. Ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Ligi ya Mataifa, yaani nchi iliyochukuliwa kutoka Ujerumani na kukabidhiwa Uingereza iitawale kwa niaba ya mataifa, na hati ya udhamini ya mwaka 1922 ilidai kwamba wanachama wote wa Ligi wapewe nafasi sawa ya biashara humo. Kifungu kingine cha hati hiyo kiliruhusu nchi hiyo kuunganishwa kiforodha na jirani zake, na katika miaka ya 1920 Tanganyika iliingizwa hatua kwa hatua katika soko la pamoja na Kenya na Uganda.

Wakati uleule ambapo milango ya mashariki ya Afrika ililazimishwa kubaki wazi namna hiyo, siasa za Uingereza zilikuwa zikielekea upande mwingine. Joseph Chamberlain alikuwa ameanzisha mwaka 1903 kampeni ya kuifunga himaya pamoja kwa ushuru wa upendeleo, akashindwa katika uhai wake, lakini bajeti ya 1919 ilizipa bidhaa za himaya nafuu katika soko la Uingereza, na Sheria ya Ushuru wa Uagizaji ya 1932 iliweka ushuru wa jumla wa asilimia 10 huku ikisamehe makoloni. Kati ya Julai na Agosti mwaka huo wajumbe wa himaya walikutana Ottawa. Stanley Baldwin aliongoza ujumbe wa Uingereza. Kanada, Australia, New Zealand, Afrika Kusini, India na hata Rhodesia ya Kusini zilikuja na wajumbe wao, zikabishana juu ya nyama, ngano na siagi usiku kucha. Makoloni yaliyobaki yalisemewa yote na mtu mmoja, Waziri wa Makoloni Sir Philip Cunliffe-Lister, ambaye alikuwa pia waziri katika serikali iliyotaka masoko ya makoloni hayo kwa ajili ya viwanda vya nguo vya Lancashire.

Matokeo kwa Afrika Mashariki yalikuwa ya upande mmoja. Kahawa, sukari na mazao mengine ya Kenya, Uganda na Tanganyika yalipata nafuu London, kwa kuwa Uingereza ilikuwa huru kupanga ushuru wa nyumbani kwake, lakini nchi hizo hazikuweza kurudisha upendeleo ule kwa bidhaa za Uingereza wala za Kanada. Wapo waandishi waliolitazama jambo hili kama bahati, na kwa juu juu ni bahati kweli. Lakini nchi isiyo na cha kutoa mezani haina pia cha kudai, na nafuu iliyoipata kwa hisani ingeweza kuondolewa bila hata kuulizwa.

Jaribio kubwa lilikuja na nguo za Japani. Tangu katikati ya miaka ya 1920 meli za kampuni ya Osaka Shosen Kaisha zilifika Mombasa, Unguja na Dar es Salaam kwa ratiba ya kudumu, zikishusha majora ya nguo za pamba, viatu vya mpira na vyombo, na katika safari ya kurudi zikipakia pamba, hasa ya Uganda. Mdororo wa uchumi wa dunia uliangusha bei za mazao ya wakulima baada ya 1929, kisha Japani ikashusha thamani ya sarafu yake mwishoni mwa 1931, na kaniki, merikani na kanga zilizofumwa Osaka zikawa ndizo pekee ambazo mkulima aliyeuza pamba au kahawa kwa bei ya kutupa aliweza kuzinunua baada ya kulipa kodi ya kichwa. Wenye maduka, Wahindi na Waarabu wa mijini na vijijini, waliagiza walichojua kwamba kitauzika. Lancashire ilishindwa katika soko ambalo bendera ya Uingereza ilikuwa ikipepea juu yake.

Mazungumzo kati ya wenye viwanda wa Uingereza na wa Japani yalifanyika London mapema mwaka 1934 na kuvunjika mwezi Machi, kwa sababu Waingereza walitaka kugawana masoko ya dunia nzima na Wajapani walikuwa tayari kuzungumzia soko la Uingereza na makoloni yake tu. Tarehe 7 Mei, Walter Runciman, waziri wa biashara, alitangaza bungeni kwamba makoloni yatawekewa mgao, yaani kikomo cha kiasi cha nguo za kigeni zinazoruhusiwa kuingia, kikihesabiwa kwa wastani wa uagizaji wa miaka 1927 hadi 1931, miaka ambayo nguo za Japani zilikuwa bado chache. Nigeria na Gold Coast ziliingizwa katika mpango huo. Baraza la Taifa la Ceylon lilikataa, na London ikaulazimisha kwa amri ya mfalme. Wanunuzi maskini wa Accra na Colombo ndio waliolipia ajira za Lancashire, na ni vigumu kuona ni kwa haki gani.

Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja ziliachwa nje ya mgao. Wafanyabiashara wa Manchester walishinikiza kwa miaka kadhaa kwamba mikataba ya Bonde la Kongo ivunjwe, na shinikizo hilo halikuzaa matunda, kwa sababu ambazo zinaonyesha jinsi mafundo ya kisheria yalivyokuwa yamefungwa juu ya mafundo mengine. Japani ilikuwa mtia saini wa Saint-Germain, kwa hiyo mabadiliko yalihitaji ridhaa ya mshitakiwa mwenyewe. Kujitoa katika mkataba kungeziruhusu pia Ubelgiji na Ureno kuwafungia Waingereza milango ya Kongo na Msumbiji ya kaskazini. Na hata kama mkataba ungevunjwa, hati ya udhamini ya Tanganyika ingebaki pale pale, hivyo nguo za Japani zingeingia kwa usawa Tanga na Dar es Salaam na kuvuka hadi Nairobi kupitia soko la pamoja, isipokuwa soko hilo nalo livunjwe. Mkataba uliobuniwa kuwalinda wauzaji wa Ulaya dhidi ya wenzao ukawa, bila yeyote kukusudia, kinga ya mfuko wa mkulima wa Afrika Mashariki.

Kinga hiyo isisifiwe kupita kiasi. Usawa ulikuwa baina ya wageni, na hakuna neno katika mikataba lililomlinda mwenyeji dhidi ya ushuru mkubwa uliotozwa wageni wote sawasawa. Kuanzia miaka ya mwanzo ya 1920 Kenya iliweka ushuru wa kulinda ngano, sukari, siagi na mbao za walowezi wake, na wanunuzi wa Uganda na Tanganyika, wakiwa ndani ya soko lilelile, walilazimika kuchangia faida za mashamba ya Bonde la Ufa. Ushuru huo haukumbagua Mjapani wala Mholanzi, kwa hiyo ulikuwa halali kabisa.

Mahakama ya Kudumu ya Haki ya Kimataifa ilipoulizwa maana ya usawa huo, ilijibu kwa ufinyu vilevile. Kesi ilimhusu Oscar Chinn, Mwingereza aliyekuwa na biashara ya usafirishaji katika mto Kongo, ambaye alifilisika baada ya serikali ya Ubelgiji kuiamuru mwaka 1931 kampuni ya Unatra, ambayo serikali ilimiliki sehemu kubwa ya hisa zake, ipunguze nauli hadi karibu na bure huku ikilipwa fidia kutoka hazina. Uingereza ilidai kwamba hilo ni ukiritimba wa mlango wa nyuma. Tarehe 12 Desemba 1934 mahakama iliipa Ubelgiji ushindi kwa kura 6 dhidi ya 5, ikisema kwamba uhuru wa biashara hauhakikishii mtu faida, na kwamba kilichokatazwa ni ubaguzi kwa msingi wa uraia. Kura moja ndiyo iliyoamua kwamba serikali ya koloni inaweza kuipendelea kampuni yake mradi isiitaje nchi ya washindani.

Wakati wa Vita Vikuu vya Pili mjadala ulihamia kwa Wamarekani, ambao Waziri wao wa Mambo ya Nje, Cordell Hull, alikuwa ameuchukia mpango wa Ottawa kwa miaka mingi. Mkataba wa Atlantiki wa 1941 uliahidi biashara sawa kwa mataifa yote, ila Winston Churchill alipenyeza maneno ya kuheshimu wajibu uliopo. Makubaliano ya misaada ya Februari 1942 kati ya Marekani na Uingereza yalidai katika kifungu cha 7 kwamba ubaguzi wa kibiashara uondolewe. Na mkopo wa dola bilioni 3.75 ambao Marekani iliipa Uingereza mwaka 1945 uliongeza uzito wa madai hayo. Geneva, mwaka 1947, Sir Stafford Cripps na maofisa wake walikataa kuufuta upendeleo wa himaya bila malipo yanayolingana, na Mkataba wa Jumla kuhusu Ushuru na Biashara uliofikiwa na nchi 23 tarehe 30 Oktoba uliuacha upendeleo uliokuwapo, ukiugandisha usizidi kiwango chake na ukiorodhesha katika viambatisho himaya zilizoruhusiwa kuendelea nao. Tanganyika, sasa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, ilibaki na sharti la usawa kupitia kifungu cha 76 cha Hati ya umoja huo.

Miaka 10 baadaye hali ileile iliwafikia watungaji wa Mkataba wa Roma. Walipanga kwamba makoloni ya Ufaransa na Ubelgiji yaondoe hatua kwa hatua ushuru kwa bidhaa za nchi 6 za Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya, lakini walilazimika kuandika katika kifungu cha 133 kwamba sharti hilo halizihusu nchi ambazo, kwa sababu ya wajibu maalumu wa kimataifa, tayari zinatoza ushuru usiobagua. Kongo ya Wabelgiji na Ruanda-Urundi ndizo zilizokusudiwa miongoni mwa wengine. Maneno ya Berlin yalikuwa bado yanafanya kazi miaka 72 baada ya wino wake kukauka.

Uhuru ulipofika, Julius Nyerere aliuandikia Umoja wa Mataifa mwezi Desemba 1961 kwamba Tanganyika ingeendelea kuiheshimu mikataba ya nchi mbilimbili iliyorithiwa kwa miaka miwili tu huku ikiichunguza, na kwamba baada ya hapo ingehesabiwa kuwa imekwisha, isipokuwa ile ambayo ingedumu kwa mujibu wa sheria ya kimataifa ya kawaida. Kilichofuata ni jambo ambalo halikuwa limetokea katika nchi hizi tangu siku za Sayyid Said: mawaziri wa Kenya, Uganda na Tanzania walikaa mezani wenyewe. Jumuiya ya Ulaya iliwataka, kama ilivyozitaka nchi za Mkataba wa Yaoundé wa 1963, watoe upendeleo wa kurudisha, yaani nafuu ya ushuru kwa bidhaa za Ulaya badala ya nafuu waliyoomba kwa mazao yao. Mazungumzo yalikwama zaidi ya mara moja, kwa kuwa Wazungu walitaka kuwekea kikomo kahawa, karafuu na mananasi ya kopo ili washirika wa Yaoundé wasiumie, na Waafrika Mashariki hawakuona sababu ya kumlipa mtu anayewafungia nusu ya mlango. Mkataba wa kwanza wa Arusha, wa Julai 1968, ulimaliza muda wake bila kuanza kutumika kwa sababu haukuidhinishwa na wote. Wa pili ulitiwa saini tarehe 24 Septemba 1969 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 1971.

Kwa mkataba huo serikali za Afrika Mashariki zilikubali kuzipa bidhaa chache zilizochaguliwa kutoka nchi 6 za Ulaya nafuu ndogo ya ushuru, ambayo Uingereza yenyewe haikuwahi kuipata katika miaka yote ya utawala wake. Nafuu hiyo iliishi miaka minne tu. Mkataba wa Lomé wa tarehe 28 Februari 1975 uliondoa takwa la upendeleo wa kurudisha kwa nchi za Afrika, Karibi na Pasifiki, na wajumbe waliolishikilia jambo hilo hadi mwisho walitoka katika nchi 46, zikiwemo zile tatu ambazo mwaka 1932 zilisemewa Ottawa na waziri mmoja wa Kiingereza.